Makumbi ya Bibi na Vumbi la Machimboni

Kama unasoma haya huku umekaa mkekani, mikono umeishika magotini, mabega yamepanda mpaka masikioni na pumzi unaiiba kidogo kidogo, basi nakuandikia wewe. Usijilazimishe kuyamaliza kwa mkupuo mmoja. Mimi mwenyewe sina subira, lakini pumu imenifunza mambo mawili matatu, na mengine imenifunza kwa kunichapa.

Jina langu Zuhura. Nyumba yetu iko Likoni, kando ya barabara inayotoka machimbo ya mawe ikateremka mpaka feri. Barabara haina lami. Imemwagwa kifusi cha mawe yale yale, na malori yakipita na mizigo yao kifusi kinasagika kikawa unga mweupe. Kaskazi ikivuma unga huo unapanda, unaingia kwenye makuti, kwenye chungu cha mchuzi, kwenye nywele, mpaka ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli. Mama akianika nguo asubuhi, adhuhuri anazikung'uta kama mikeka. Tulizoea. Tulikuwa tukitaniana kwamba watu wa mtaa wetu huota mvi kabla ya meno.

Pumu ilinishika katika kaskazi ile ya mwisho kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na barua ilikuwa imefika: nimepata nafasi chuo cha ualimu. Ukitaka kuwahesabu wasichana wa mtaa wetu waliowahi kupata nafasi kama ile, huna haja ya vidole. Baba yangu, ambaye ana duka dogo karibu na feri, aliiweka barua ile juu ya mizani, kila mteja aione kabla hajapimiwa sukari.

Lakini barua ilikuwa na sharti. Lazima daktari athibitishe kwamba mwanafunzi ana afya, hasa kifua.

Na mimi wakati huo nilikuwa siwezi kutoka uwanjani mpaka kisimani bila kusimama mara tatu nikijifanya nafunga kiatu. Nilikuwa navaa ndara.

Nataka nikueleze mwili unavyokuwa, kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza, nikadhani nakufa. Kwanza ni kuwasha chini ya kidevu, kama unyoya umepita ndani ya koo. Halafu kifua kinakazwa kama gunia linaloshonwa mdomo. Hewa inaingia; kutoka ndiko haitaki. Kinaanza kulia, sauti kama mlango wenye kutu. Kucha zangu zilikuwa zikigeuka rangi ya zambarau. Nikakonda mpaka mifupa ya shingo ikaweza kushika maji. Buibui langu lilikuwa likinining'inia kama limeanikwa kwenye msumari.

Mama alifanya alilojua. Alichukua chetezo, akatia makaa, akatia buhuri na ubani, akanifunika blanketi nikae na moshi humo ndani. "Vuta, mwanangu, vuta, baridi itoke." Wallahi nilivuta, kwa kumpenda. Kila siku asubuhi na jioni. Na kila nikitoka chini ya blanketi lile nilikuwa mbaya zaidi, na Mama akiniona vile aliongeza ubani.

Siku ya kupimwa tulivuka na feri ya alfajiri, mimi na Mama. Tukakaa kwenye benchi la hospitali tangu saa moja mpaka saa sita. Benchi lile nalijua kuliko godoro langu. Lina msumari mmoja umechomoza upande wa dirishani, na kila anayekaa pale anararuka nguo, na anayefuata haambiwi. Siku ile mama mmoja mnene aliniambia, "Usikae hapo mwanangu, pana msumari," akanisogezea paja lake nusu niegemee. Mpaka leo simjui jina. Ukiwa mgonjwa utawakumbuka watu kama hao kuliko wajomba zako.

Daktari alikuwa mzee wa sauti ya chini. Alisikiliza mgongo wangu, kisha akachukua kibiriti, akawasha njiti moja, akaishika mbele yangu umbali wa shubiri.

"Fungua mdomo. Usiubane kama unayepiga mbinja. Puliza."

Nikapuliza. Mwali ukainama kidogo, ukasimama tena.

Akawasha ya pili. Mwali haukuinama hata kidogo. Nikaona unateremka kwenye njiti mpaka ukakaribia vidole vyake, akautikisa mwenyewe.

"Kuzima moto mdogo hivi huwezi," akasema, si kwa ukali. "Utasimamaje mbele ya watoto arubaini ukapaza sauti? Nitawaandikia chuoni wakuwekee nafasi yako mwaka mmoja. Mwanzo wa mwaka urudi tuwashe njiti nyingine. Ikizimika, nenda kasome. Isipozimika..." Hakumaliza. Akaniandikia vidonge vidogo vyeupe, na sindano nitakapozidiwa.

Vidonge vile vilinifungua kifua lakini vilinitetemesha mikono. Nina daftari ninaloandikia mambo yangu ya kila siku tangu darasa la saba, na nikilifungua sasa najua siku nilizomeza: mwandiko unatambaa kama kaa.

Nyumbani mambo yakaharibika. Baba alitaka nipelekwe kwa shangazi yangu Kwale, kwenye miti na hewa safi. Mama akasema shangazi ana watoto tisa na ulimi wa kumi, mtoto mgonjwa hapelekwi kama furushi. Wakanuniana. Baba akawa hasemi na Mama, Mama hasemi na Baba.

"Zuhura, mwambie babako chai tayari."

"Zuhura, mwambie mamako chai haina sukari."

Nyumba nzima mimi ndiye nisiye na pumzi, na mimi ndiye ninayetumwa maneno! Siku moja nikawaambia, "Andikianeni barua, nitazibeba." Mama akacheka. Baba akatoka nje asionekane anacheka.

Kisha masika yakafika. Mvua ya kwanza tu, nikalala chali mara ya kwanza baada ya miezi. Nikadhani ni vidonge. Nikaacha kuvimeza, nikawa mzima vile vile. Mvua ikakatika siku nne, malori yakarudi, siku ya tatu nikabanwa. Mvua tena, nafuu tena. Mimi nilikuwa naandika haya yote bila kuyaelewa. Mpaka siku moja nikakaa nikasoma daftari langu kuanzia mwanzo, nikapiga msitari mwekundu chini ya kila "nimebanwa". Hakukuwa na msitari hata mmoja siku ambayo ardhi ilikuwa imelowa. Na siku za Mama kuzidisha ubani zilikuwa na misitari miwili.

Sikujua nimwambieje. Nikampelekea daftari, nikamsomea polepole. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua chetezo akakiweka juu ya kabati, nyuma kabisa, akasema, "Basi ni mimi niliyekuwa nakuziba."

"Ni vumbi, Mama. Wewe ulikuwa unanipenda."

"Kwa moshi," akasema, akaenda jikoni. Hilo nalo ni la kukwambia wewe unayesoma: wanaokuuguza nao wanaumia. Wape neno zuri kabla hujawapa habari mbaya.

Sasa nikuambie habari ya Bibi. Bibi Mwanasha ni mama yake Mama, na nyumba yake iko barabara hiyo hiyo, mwendo mfupi juu yetu. Kazi yake ni makumbi. Anakusanya maganda ya nazi, anayafukia kwenye matope ya ufukweni Mtongwe, maji chumvi yanaingia na kutoka, makumbi yanaoza taratibu miezi sita, saba. Kisha anayafukua, anayaweka juu ya gogo na kuyapiga kwa rungu. Nyuzi zinabaki mkononi, za kusokota kamba. Ule unga wa kahawia ulioshikana na nyuzi unamwagika chini. Miaka yote unga ule ulimwagika mbele ya kibanda chake mpaka barabarani, ukiwa na unyevu wake na chumvi yake, na malori yakaukanyaga.

Masika yalipokwisha, barabara ikakauka, nikawa nimekaa kibandani kwa Bibi nikimtazama akipiga. Lori likaja kutoka machimboni. Vumbi likaja nyuma yake kama ukuta. Lilipofika mbele ya kibanda, ukuta ukakatika. Lori likapita hatua kama ishirini bila hata wingu. Lilipovuka kibanda, ukuta ukainuka tena.

"Bibi! Umeona?"

"Nimeona nini? Lori? Naliona tangu hujazaliwa."

"Vumbi, Bibi! Hapa kwako halipandi!"

Akaangalia chini, akaangalia barabara. "Lipande vipi, na hapa pana makumbi? Kumbi hushika maji kama sifongo, na chumvi haikauki, hutoka jasho. Hilo nalo ni la kusomea sekondari?"

Sikungoja. Hapo ndipo nilipokosea, na nakuandikia kosa langu ili ulicheke kisha usilirudie. Makumbi ya Bibi yaliyooza yalikuwa yamekwisha. Mengine ameyafukia mwanzo wa masika, bado miezi. Mimi nikaona miezi ni mingi. Nikaenda kwa wakausha mbata za nazi, nikaomba makumbi makavu, magunia saba, nikawashawishi wasichana wenzangu tukayaponda kwa michi ya kutwangia, tukayatandaza barabarani kuanzia kwa Bibi mpaka mlangoni kwetu. Bibi alisimama pembeni, mikono kiunoni.

"Zuhura. Kumbi halijaoza hilo."

"Kumbi ni kumbi, Bibi."

"Haya."

Malori manne ya kwanza yaliyasaga. Adhuhuri kusi likavuma. Vumbi lilipanda, jeupe na la kahawia pamoja, likiwa na vinyuzi vinavyochoma koo. Likaingia msikitini watu wakiwa wamesimama kuswali. Likaingia kwenye mahamri ya jirani. Na mimi nikaanguka uwanjani kwetu, kifua kimefungwa kabisa. Baba akanibeba mgongoni mpaka feri, akanivusha, nikapigwa sindano. Nililazwa siku tano.

Niliporudi, mtaa mzima ulikuwa na maneno.

"Huyo anakuja mwalimu! Vumbi jeupe limemchosha, ametupikia la hudhurungi!"

"Mwacheni, amepaka barabara hina. Harusi lini, Zuhura?"

Nililia, na kulia kwenyewe kunabana kifua, kwa hiyo hata kilio sikukifaidi. Bibi akaja akakaa kitandani.

"Weye ni kumbi bichi," akaniambia. "Likipigwa kabla ya wakati wake, haliachii uzi wala unga. Linavunjika tu. Njoo nami ufukweni ukipata nguvu, nikuonyeshe kungoja kulivyo."

Ukawa ndio utaratibu wangu tangu kusi mpaka vuli. Asubuhi, kabla malori hayajaanza, nikitembea na Bibi mpaka Mtongwe. Mara ya kwanza nilipumzika mara kumi na moja, niliandika. Bibi alikuwa akitia mkono kwenye matope, anatoa kumbi moja, analibonyeza kwa kidole gumba. "Bado." Wiki inayofuata: "Bado." Na mimi nikirudi nyumbani nawasha njiti, naishika umbali wa shubiri, nafungua mdomo, napuliza. Mwali unainama, unasimama. Bado.

"Kibiriti changu kiko wapi?" Bibi alikuwa akipiga kelele. "Mtoto huyu atanilaza na njaa! Kila nikitaka kuwasha moto, njiti zimepulizwa!"

Vuli ilipokaribia kwisha, siku moja alibonyeza kumbi, kidole kikazama. Alinipa mimi nilibonyeze.

Makumbi yalikuwa tayari, lakini nilikuwa nimejifunza hesabu ya jambo lenyewe: unga ule ukikauka kabisa utaruka kama mwingine. Unataka maji ya bahari kila siku. Maji ya kisima hayatoshi hata kunywa wakati wa kaskazi, na kutoka pwani mpaka kwetu ni mlima. Nani atabeba?

Malori yalikuwa yakiteremka na mawe, yakipanda matupu. Nilikuwa nimeliandika hilo zamani kwenye daftari bila kujua nalihifadhia nini. Dereva mmojawapo alikuwa Mutinda, Mkamba mrefu anayefunga leso puani anapoendesha. Siku moja alisimama kwa Bibi kununua kamba ya kufungia mzigo. Nikamwomba: ukirudi mtupu, beba mapipa ya maji ya bahari, uyamwage njiani unapopita.

Akacheka. "Wewe msichana, hii gari si yangu. Ni ya tajiri."

Bibi hakuinua macho kwenye gogo lake. "Na mapafu je? Nayo ni ya tajiri?"

Mutinda akafungua mdomo ajibu, kikohozi kikamtangulia. Alikohoa mpaka akashika mlango wa lori. Alipomaliza alikuwa na machozi.

"Mama," akasema, "mimi nakula hii vumbi miaka sita. Nikienda nyumbani kwa likizo, watoto wangu wanasema baba analia usiku kama paka."

"Basi beba maji," akasema Bibi. "Na kamba usilipe."

Alikwenda kumwomba tajiri wake ruhusa, akaipata, kwa sababu tajiri naye alikuwa amechoka kubadilisha vichungio vya injini. Mapipa manne, mabomba mawili yaliyotobolewa yamefungwa nyuma kwa kamba za Bibi. Wanawake wa mtaa walijipanga pwani na ndoo, kupokezana mpaka juu ya lori. Wale wale walioniuliza harusi lini. Tulipiga makumbi wiki mbili mfululizo, kwa Bibi na kwenye vibanda vitatu vya majirani. Mimi nilipewa rungu dogo, na kitambaa kilicholowa puani. Na siku ya kutandaza nilimwona Baba anapanda mlima kutoka feri, kofia yake ya kazi ya mkono kichwani, na juu ya kofia gunia la makumbi linamvujia kwenye kanzu. Mwenye duka! Mama akamtazama toka juu mpaka chini, akamwambia yeye mwenyewe, si kupitia kwangu:

"Mume wangu, umechafuka."

"Nifulie," akasema Baba.

Nilikwenda chumbani kulia, na mara hii kilio nilikifaidi.

Lori la kwanza likapita. Magurudumu yalitoa sauti ya kunyonya, *shwaa*, na nyuma yake palikuwa na hewa tu. Unaiona minazi ya upande wa pili. Mtoto mmoja akauliza, "Vumbi limekwenda wapi?" na watu wakapiga vigelegele kana kwamba bi harusi ametoka nje.

Ilipofika siku ya Uhuru, mtaa wetu uliteremka kwa miguu kwenda kwenye sherehe, wanaume na kanzu nyeupe, wanawake na leso mpya. Walirudi jioni kanzu zikiwa nyeupe vile vile. Watu wa mitaa mingine waliuliza mmepita njia gani. Mimi nilisimama mlangoni nikiwatazama, na nakwambia kweli, bendera niliifurahia sana, lakini nilifurahia zaidi zile pindo za kanzu.

Wiki chache baadaye nikavuka kwenda kupimwa. Benchi ni lile lile. Msichana mmoja akataka kukaa upande wa dirishani, nikamwambia, "Usikae hapo, pana msumari."

Daktari akawasha njiti. Umbali wa shubiri. "Mdomo wazi. Puliza."

Ikazimika.

Akaangalia panka la darini. Akainuka, akalizima, akarudi kukaa. "Huenda ni upepo." Akawasha nyingine.

Ikazimika, na moshi wake ukamwendea usoni.

"Umetumia dawa gani?" akaniuliza, huku anaandika.

"Vidonge vyako, daktari. Na makumbi."

Akaacha kuandika. Nilimweleza yote, kwa haraka, bila kusimama kuvuta pumzi. Nilipomaliza ndipo nilipotambua kwamba sikusimama. Naye alitambua. Akapiga muhuri.

Pumu haijaondoka, nisikudanganye. Imekaa kando, inanitazama. Vidonge ninavyo mfukoni, na moshi naukimbia kama nyoka. Kuna waheshimiwa walikuja kutuahidi lami. Bibi anasema lami nayo ina pumu, imekwama njiani inavuta pumzi. Hatuingoji. Mutinda bado anamwaga maji, na kikohozi chake kimepungua. Nawe tazama barabara yako, andika siku zako, ujue kinachokubana kinatoka wapi kabla hujakubali kuambiwa ni baridi au ni kudura. Na ukipata dawa, ingoje iive.

Siku ile niliposhuka feri na karatasi yangu, Baba aliichukua kwanza, akaipeleka juu ya mizani. Niliikomboa kwa shida. Nikapanda mlima bila kusimama hata mara moja, mpaka kibandani kwa Bibi, nikamwonyesha muhuri.

Bibi hasomi. Akaigeuza huku na huku, akanirudishia.

"Karatasi mimi siijui," akasema. Akatoa kibiriti kwenye pindo la leso, akawasha njiti, akaninyooshea mkono wote, mbali, zaidi ya shubiri tatu. "Puliza."

Nikafungua mdomo nikapuliza. Mwali ukaruka, ukafa.

Akakiangalia kichwa cheusi cha njiti kwa muda. Nikaona macho yake yamelowa. Kisha akafungua kiganja chake mbele yangu.

"Haya, mwalimu. Vibiriti vyangu vyote ulivyoficha nirudishie. Nataka kupika."